Taa Zote Kijani, na Miche Bado Iko

Mteja wa mti mzuri harudi. Hilo ndilo tatizo la biashara yetu, na nimeishi nalo tangu nilipoolewa katika nyumba ya mpandikizaji wa miche. Ukimuuzia mtu sukuma wiki, keshokutwa yuko kwako tena. Ukimuuzia mche wa avokado uliopandikizwa vizuri, unashika, unazaa, na mwishowe mti ndio unaomzika yeye. Anayerudi ni yule ambaye mche wake ulikufa, na huyo harudi kununua. Anarudi na mdomo.

Wateja wetu wote nawakumbuka kwa majina, na majina ya mama zao, na pembe ya shamba ambako mti ulisimama. Hapa sitamtaja hata mmoja. Ukimtaja mmoja, mwingine atauliza yeye alikosa nini, na mimi miguu yangu haiwezi tena kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba kutoka Ngoingwa mpaka Ruiru. Nasema tu kwamba siku tulipobanwa, majina yote hayo hayakutufaa kitu. Niliwapigia wengi. Walifurahi, waliniulizia hali ya magoti, wakanisimulia mti wao unavyozaa mpaka matawi yanavunjika. Mche mwingine wa nini? Tulihitaji watu nisiowajua.

Kitalu chetu kilikuwa Ruiru, kando ya barabara kubwa. Mume wangu ndiye aliyekianzisha, na alipotuacha, kisu chake cha kupandikizia kikaenda kwa kitinda mimba wetu, binti aliyekuwa akimfuata kati ya mistari tangu hajajua kufunga viatu. Kisha tukaambiwa ardhi ile ni ya barabara, tuhame. Tulijua ni ya barabara. Hata marehemu alijua. Alikuwa akisema barabara haijakumbuka tu. Basi ikakumbuka. Binti yangu akaleta miche yote hapa kwangu Ngoingwa, akaipanga nyuma ya nyumba. Zamani nyumba yangu ungeiona hata ukiwa mbali. Sasa mbele yangu ni fleti, nyuma yangu ni fleti, na mimi niko katikati kama ganda la hindi lililokwama kwenye meno. Watu wa boda boda wakiniletea unga hupiga simu kuuliza lango liko wapi, na wamesimama mbele yake.

Na mche haungoji. Unakaa ndani ya karatasi yake nyeusi ukisubiri mvua ndefu. Mvua ikija, watu wananunua, wanapanda. Usiponunuliwa, mzizi unatoboa karatasi unaingia ardhini, na ukishaingia umefika kwake. Ukiung'oa, unakufa.

Binti yangu alikuja jikoni akasimama mlangoni, kisu mkononi.

"Mama," akasema, "mvua hii ikiisha na miche bado iko hapa, naweka kisu chini. Naenda kiwandani Ruiru kushona mifuko ya suruali."

Hakusema kwa hasira. Binti yangu akikasirika hupika chapati, anausukuma ule unga kama ndio uliomkosea. Siku hiyo hakupika kitu. Nikajua ni kweli.

Hapo ndipo alipoingia mjukuu wangu, mtoto wake wa pili wa kike. Kwetu msichana wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, kwa hiyo huyu amebeba langu, na mama yake humwita "mami", maana ni kana kwamba amemzaa mama yake upya. Ni desturi nzuri. Ina hasara moja tu: mtu hamgombezi mama yake. Mtoto amekua hivyo hivyo, bila kugombezwa. Anakaa Kahawa Wendani, katika chumba ambacho kitanda, jiko na kompyuta vimeshikana mikono, na kazi yake ni kutengeneza tovuti za watu.

"Shosho, shida yenu ni moja," akasema kabla hata chai haijamiminwa kikombeni. "Hamuonekani. Mtu siku hizi haangalii barabara, anaangalia simu. Nawatengenezea website, naweka plagini ya kuwapandisha, mtu akitafuta miche mnatokea juu kabisa."

"Plagini ni mnyama gani?"

"Ni kitu kidogo unapachika kwa website, inapata nguvu haikuwa nayo."

Binti yangu akainua macho. "Kumbe ni kupandikiza."

"Hapo sasa, mum!"

Nikaelewa papo hapo. Shina la kienyeji, juu yake kikonyo, kijitawi cha mti mgeni, unafunga na utepe, unaomba Mungu.

Lakini kabla hajagusa kitufe niliweka sharti. Kwetu mtoto hatangazwi kabla hajazaliwa. Hata nguo hanunuliwi. Na akizaliwa haonyeshwi ovyo mpaka aombewe. Macho ya watu ni mengi, na yule mwenye kitalu aliyebaki kando ya barabara kule Ruiru, ambaye kwa sababu anazozijua yeye barabara haikumkumbuka, ana macho ya kutosha watu wanne.

"Ifiche," nikasema. "Mpaka pasta aiombee, mtu asiione."

"Hiyo ni rahisi, shosho. Kuna kisanduku cha kuweka tiki. Nikiweka, mashine za kutafuta zinaambiwa zipite mbali."

Alipomaliza kuijenga na kuipachika ile plagini, akaweka tiki. Mara hiyo hiyo mstari mwekundu ukatokea juu ya kioo. Plagini ilikuwa inapiga kamsa: tovuti hii imefichwa, hii ni hatari kubwa, hakuna atakayewapata! Pembeni pake palikuwa na kitufe cha kujibu kwamba najua, usinikumbushe tena.

"Inajua kuogopa," nikasema.

"Inapenda drama tu." Akabonyeza. Mstari ukapotea, na haukutukumbusha tena. Katika kompyuta ile, hicho ndicho kitu cha pekee nilichokiona kikitii mara ya kwanza.

Kazi ya kutunga maneno ikaja kwangu. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kumpokea mgeni sikufundishiwa darasani. Nikaketi kwenye baraza, nikasema, naye akaandika: "Hamjambo nyote mlioingia hapa. Mmeamkaje? Watoto hawajambo? Kwenu mvua imeshuka? Karibuni mketi, hapa ni kwenu."

Pembeni ya maneno yangu kulikuwa na kitaa kidogo cha mviringo. Kikawa chekundu.

"Imekataa nini?"

"Inataka maneno makuu kwa sentensi ya kwanza. Yale mtu anatafuta nayo. 'Miche ya avokado Thika.'"

"Kabla mgeni hajaketi?"

"Kabla hajaketi."

"Na hatujamsalimia?"

"Shosho, salamu inafukuza watu."

Mgeni wa namna hiyo nilishawahi kumpata. Ni karani wa ushuru wa soko. Yeye pia husema anachotaka akiwa bado langoni. Lakini hata yeye, ukimwambia karibu chai, hukaa.

Tukafuta salamu. Mjukuu akaandika upya: "Miche ya avokado Thika ni miche ya avokado Thika iliyopandikizwa na wataalamu wa miche ya avokado Thika." Kitaa kikageuka rangi ya chungwa. Akaniambia sasa tumezidisha. Inataka maneno yarudiwe, lakini yasirudiwe sana. Yasikaribiane, wala yasiachane. Nikakumbuka mama mkwe wangu na chumvi.

"Huyu anayetuhukumu anajua Kiswahili?"

"Hajui, shosho. Anahesabu tu."

Nimeona wengi wasiojua wakihukumu wanaojua, lakini angalau walikuwa wakitikisa kichwa kama wanaoelewa.

Ikaja zamu ya picha. Alikuwa amempiga mama yake picha akiwa ameinama kwenye mistari, kisu mkononi, kitambaa cha kichwa kimeteleza upande. Picha nzuri. Plagini ikadai kila picha iandikiwe maneno ya kueleza kilichomo, na katika maneno hayo yale makuu yawemo. Mjukuu akaandika chini ya mama yake: "Miche ya avokado Thika."

Mama yake akaja akasoma akiwa amesimama, mikono na tope.

"Mimi ndiye mche?"

"Ni ya mashine, mum. Watu hawaioni."

"Kwa hiyo watu hawaoni, na mashine inaona mimi ni mche."

"Ukikataa taa haiwi kijani."

Binti yangu akatazama kile kitaa, akatazama miche yake, mvua ya kwanza ikinuka mbali huko upande wa Gatundu. "Basi, mami," akasema. "Kama mche utauzwa, mimi ni mche."

Kitaa kikawa kijani. Ukurasa wa pili kijani, wa tatu kijani. Mjukuu alifurahi mpaka akanibusu utosini. Aliniambia kuna watu wanalipwa pesa nzuri na kampuni kubwa huko Nairobi kugeuza taa hizo kuwa kijani, na wengine hawafaulu. Nikaona kumbe tuko vizuri.

Siku ya kuombewa nilitoa kitambaa changu cheupe nilichokifuma mwenyewe, kile cha kufunika redio, nikakitandika juu ya kigoda na kompyuta juu yake. Akina mama wa kikundi changu wakaja na sufuria ya mukimo. Pasta akaja amevaa koti lake la harusi. Alikuwa ameombea magari, mashine za kusaga, na mara moja ng'ombe wa maziwa aliyempiga teke katikati ya amina, lakini tovuti ilikuwa ya kwanza. Akaniuliza kando:

"Sasa mama, mkono naweka wapi?"

"Weka pale inapopata joto."

Akaweka. Akaomba kwa muda mrefu. Akaamuru kila roho ya kufunga iondoke, kila pazia lipasuke, kila kilichofichwa kifunuliwe. Nayo kompyuta ikachoka kusubiri, kioo kikazima kikawa cheusi kama sufuria. Pasta alipofumbua macho na kuona giza, aliuondoa mkono kama aliyeungua.

"Imelala tu," mjukuu akasema, akaigusa. Ikawaka, na pale katikati alikuwa binti yangu ameinama, kitambaa upande.

Akina mama wakasimama kupiga vigelegele, kisha wakakwama. Kwetu mvulana ana vigelegele vyake vitano, na msichana ana vyake pungufu. Hii ni nini?

"Ni kijana," mmoja akasema. "Si itatafuta pesa?"

"Hapa nani anatafuta pesa, si ni wasichana?" mwingine akajibu. Huyo ana wavulana watatu nyumbani, nisiseme zaidi.

"Hii ni msichana," nikakata neno. "Tangu asubuhi inapambwa." Tukapiga vya msichana, tukala mukimo. Mjukuu akatuma njia ya kuingia kwenye tovuti kwa kikundi cha familia katika simu, akaondoka na matatu ya jioni. Mimi nikakiondoa kitambaa nikakirudisha kwenye redio.

Kisanduku cha tiki hakuna aliyekikumbuka. Pasta alikuwa ameamuru kila kilichofichwa kifunuliwe, na sisi tukadhani amemaliza kazi yote.

Mvua ikashuka. Mjukuu alipiga simu kila jioni. "Shosho, watu wanaingia! Leo wameingia wengi kuliko jana." Nami nikamwambia binti yangu, naye akafagia njia ya lango, akaweka kiti cha mteja chini ya mabati. Hakuna aliyekuja. Baadaye ndipo tulipogundua walioingia walikuwa akina nani. Dada yangu aliingia kila asubuhi kabla ya uji, kumwangalia mpwa wake alivyopendeza. Shemeji aliyeko ng'ambo aliingia akatuma wengine wa kwao. Watu wale wale wa familia walikuwa wakizunguka ndani ya tovuti kama kuku kwenye ua, na kila walipozunguka hesabu ilipanda. Wote walikuwa na njia ya kuingia mkononi. Hakuna aliyehitaji kutafuta.

Kila mtu akawa na dawa. Pasta akashauri tufunge kula. Mwenzake mjukuu, kijana wa jengo lile lile la Kahawa Wendani, akashauri plagini ya pili, kali zaidi. Akaiweka juu ya ile ya kwanza. Sasa zikawa mbili, na kama wake wenza hazikukubaliana kitu. Ya kwanza ikiwasha kijani, ya pili inawasha chungwa. Ukipendeza kwa huyu, huyu ananuna. Mjukuu alikuwa akikata neno hapa, akiongeza neno pale, mpaka ukurasa wetu ukawa hauwezi kusomwa na mtu mwenye akili timamu, lakini taa zote, za huku na za huku, zilikuwa kijani. Alinionyesha kwa fahari. Ilikuwa kama kuonyeshwa ripoti ya shule ya mtoto ambaye hayuko darasani.

"Mbona simu haiiti?" nikamuuliza.

"Inachukua time, shosho. Mambo ya kutafutwa si ya siku moja."

"Na mizizi je? Umeiuliza?"

Akarudi kwenye taa zake. Nje, mama yake alikuwa anafanya ile kazi ya kila asubuhi: kunyanyua mche mmoja mmoja, kukata mzizi unaochungulia chini ya karatasi, kuurudisha. Mwanzoni mwa mvua alimaliza mistari yote. Kadiri siku zilivyokwenda mizizi ilimshinda mbio. Mistari ya nyuma, kwenye ukuta wa fleti, ilikuwa imeshashika ardhi. Alivuta mmoja ukagoma. Akauacha. Nikamsikia akiuliza jirani njia ya mkato ya kwenda kiwandani, na kama wanachukua watu wa umri wake. Kisu nikakiona kimefungwa kwenye kitambaa, kimewekwa juu ya kabati la vikombe, mahali tunapoweka vitu ambavyo hatutavitumia.

Sasa, ghorofa ya pili ya ile fleti ya nyuma anakaa mwalimu mmoja wa kike. Kila Jumamosi huanika nguo kwenye kibaraza chake, na maji ya nguo zake hudondokea mstari wa mwisho wa miche yetu. Tulikuwa tunasalimiana kwa mkono, yeye juu na mimi chini. Jumamosi hiyo, mjukuu akiwa amekuja na kompyuta yake, mwalimu akagonga lango. Alikuwa amebeba mche wa avokado uliolegea majani, kama mtoto aliyetapika garini.

"Shikamoo, shosho. Nimekuja kuuliza. Huu nimenunua kwa ajili ya mama yangu nyumbani, na naona unakufa. Nyinyi si mnaujua huu mti? Naona kama mnafuga."

Binti yangu akauchukua, akaugeuza, akachungulia pale penye utepe. "Umepandikizwa ovyo. Ulinunua wapi?"

"Ruiru, pale barabarani."

Sote tukatazamana. Kwa yule wa macho.

"Mwalimu," nikasema pole pole, "ulitoka hapa, nyumba hii ya nyuma, ukaenda Ruiru kununua avokado?"

"Ningejuaje, shosho? Nilitafuta kwa simu. Nikaandika miche ya avokado Thika, ikanipeleka Ruiru. Nyinyi nilidhani ni shamba lenu la kula. Si mmeifungia nyuma ya nyumba?"

"Ni uongo," mjukuu akadakia. "Sisi ndio tuko juu. Taa zote ni kijani!"

"Taa gani?" mwalimu akauliza, kwa haki kabisa.

Akatoa simu, akaandika mbele yetu yale maneno makuu, yale yale yaliyofukuza salamu zangu. Akateremsha kidole. Yule wa Ruiru. Mmoja wa Murang'a. Mtu mwenye mbegu za maembe. Mtu anayeuza mbwa. Akateremsha tena, tena, mpaka ikafika kwenye mambo ya ndege za kivita, ambazo sijui ziliingiaje. Sisi hatukuwako. Wala juu, wala chini, wala kwenye mbwa.

Mjukuu wangu akafungua kompyuta. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, kisha vidole vikasimama. Nilikuwa nyuma yake, nikakiona. Kisanduku, na ndani yake tiki, imetulia kama paka juu ya mto.

Kutoka juu, nguo za mwalimu zilikuwa zinadondosha maji.

"Mami," binti yangu akasema. Kisha akasema tena, "mami," na nikaona jinsi neno lile lilivyomfunga mdomo. Angekuwa mtoto mwingine yeyote angemweleza yaliyo moyoni. Akaenda zake jikoni. Baada ya muda mfupi tukasikia unga unapigwa.

Nikashukuru Mungu. Chapati ni hasira, na mtu mwenye hasira hajakata tamaa.

"Shosho, ulisema nifiche," mjukuu akanong'ona, macho yamejaa.

"Nilisema, na bado nasema. Nilisema mpaka ombi. Baada ya ombi sikuwa na neno."

"Na ile red iliniambia, nikaiambia isinikumbushe."

"Basi ina adabu kuliko wengi. Toa tiki, ule chapati."

Akaitoa. Akaitoa na plagini ya pili, na ya kwanza ikashusha pumzi kama mke aliyerudishiwa nyumba yake. Mwalimu alikula chapati nne pamoja nasi, akapewa mche mzuri, na akaahidi kuhamisha kamba yake ya nguo, jambo ambalo mpaka leo hajalifanya.

Niliposimulia kanisani, pasta alisema hakika maombi yalijibiwa, ila yalicheleweshwa njiani. Nilimkubalia. Kisanduku chenyewe hakikuwako pale kujitetea.

Mambo hayakugeuka siku hiyo. Mvua ilikuwa inapungua, zile za asubuhi zimekwisha, zimebaki za alasiri tu. Simu ya kwanza ilitoka kwa mtu aliyetaka chumba cha kulala wageni wawili, chenye sauti ya maji. Mjukuu alikuwa ameandika kwamba tuko Thika, mji wa maporomoko ya Chania, kwa sababu plagini ilimwambia mahali husaidia. Ya pili ilikuwa ya mtu aliyeuliza bei, akasema "sawa", akapotea kama wanavyopotea wote. Binti yangu alikwenda kiwandani kuulizia, akaambiwa arudi mwezi ukianza.

Kisha akaja mama mmoja na pikapu. Alikuwa ametoka mbali, kupita Maragua, na mama mkwe wake ameketi mbele, mkoba magotini, akitazama fleti zetu kwa mashaka. Walikuwa wameng'oa kahawa shamba zima wapande avokado. Simu mkononi, kwenye kioo chake binti yangu ameinama, kitambaa upande.

"Ni huyu?" mama mkwe akauliza, akimwangalia binti yangu kutoka kichwani mpaka miguuni. "Kwa picha alionekana mfupi."

"Nilikuwa nimeinama, mama."

"Sasa tumekuja tukanyamaza tu? Hata hatujasalimiana! Hii simu inasema miche, miche, miche, kama kasuku. Hamjambo hapa? Mvua imewanyeshea?"

Nusura nimkumbatie. Tukaketi, tukanywa chai, tukauliza za watoto na za magoti. Miche ilitajwa kikombe cha pili, mahali pake. Jioni pikapu ilipotoka ilikuwa imejaa miche mpaka juu, na siku ya pili ikarudi na jirani yao nyuma yake, wakabeba kila mche uliobaki na kukubali kunyanyuka. Mwezi ulipoanza, binti yangu hakwenda kiwandani. Kisu kilishuka kabatini bila mtu kukitaja, kama mtu aliyenuna anaporudi mezani.

Mistari ya nyuma haikwenda popote. Ile iliyoshika ardhi iko pale pale, imebanana, imeshapita urefu wa ukuta, na mwalimu wa ghorofani anasema inamzuilia jua la nguo. Nilidhani ni hasara. Binti yangu aliitembelea mmoja mmoja, akashika tawi, akakata kikonyo kichanga, akakinusa. Kila msimu tulikuwa tunakwenda kuomba vikonyo kwenye miti ya watu. Sasa anakata hapa hapa, kwenye miti ambayo hakuna aliyeitafuta.

Mjukuu alikuja akaandika ukurasa juu ya hiyo miti. Nilimwambia aanze na salamu, na akaanza nazo, zote, mpaka ile ya mvua. Kitaa kikawa chekundu. Akanitazama. Nikamwambia akiache.

Na yule mama mkwe wa Maragua, jina lake ninalo, na la marehemu mama yake pia, na najua miche yake imesimama kwenye mteremko unaoelekea mto. Yote imeshika. Kwa hiyo hatarudi.